Anuplal na Mbweu ya Marehemu

Kijijini kwetu Belahi mbweu tunaiita dhekar. Mama akishamnyonyesha mtoto humpigapiga mgongoni, akangoja dhekar ndipo amlaze. Mgeni akishiba huipiga kwa sauti pale barazani, na mke wa mwenye nyumba, aliye nyuma ya ukuta wa mianzi, akiisikia huweka sufuria chini, moyo ukatulia. Mkandarasi mmoja alipewa kazi ya kujenga tuta la mto Kamala, na mto ukalibeba mwaka uleule. Mpaka leo watu husema alilimeza tuta zima wala hakutoa dhekar. Na kijana akijitutumua kuliko hali ya kwao, huambiwa, "Wewe, dhekar yako inanuka samli, na kwenu hata chumvi hamna."

Ipo dhekar nyingine ambayo haifanyiwi mzaha. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Anuplal.

Anuplal alikuwa Mahapatra, kuhani wa Kibrahmini anayeitwa kwenye misiba tu. Mtu akifa, roho yake siku za mwanzo huwa pret. Haina mwili, ina njaa, na inazunguka nyumba yake yenyewe kama mbwa aliyefungiwa nje. Siku ya kumi na moja Mahapatra huvishwa nguo za marehemu, hukalishwa juu ya kitanda cha marehemu, hupakuliwa kile ambacho marehemu alikipenda. Kinachopita kooni mwake ndicho kinachomfikia aliyekufa. Akipiga dhekar, nyumba nzima huvuta pumzi. Maana yake marehemu ameshiba, anaondoka. Hapo hapo Mahapatra hutolewa uani, na watu huokota mabonge ya udongo wakamrushia mgongoni ili asigeuke nyuma.

Mimi ni kinyozi. Siku ya kumi huwanyoa wafiwa vichwa, na siku ya kumi na moja humleta Mahapatra na kumsindikiza hadi mpakani mwa kijiji. Kwa hiyo nilimjua Anuplal kuliko majirani zake, ambao kazi yao ilikuwa kumkwepa.

Watu wasiomjua walidhani ni mtu mnene. Alikuwa mwembamba, mabega yameinama, na shingo ndefu yenye kikoromeo kilichokuwa kikipanda na kushuka hata akiwa amenyamaza. Kukutana naye asubuhi ilikuwa mkosi, kwa hiyo alizoea kukohoa kabla ya kutoka mlangoni, mwenye safari apate kugeuza njia. Muuza duka alimwekea vitu chini, kisha akarudi nyuma ndipo yeye aviokote. Harusini hakualikwa. Aliyekuja kumwita kwa msiba alisimama mbali, penye kichaka cha mianzi, akapaza sauti bila kumwangalia usoni.

"Mimi ndiye mgeni pekee katika wilaya nzima," aliniambia siku moja nikimnyoa, "anayepikiwa vizuri ili asirudi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alikuwa na maelezo yake juu ya neno lile. Alisema dhekar imezaliwa na dheki, ule mti wa kutwangia mpunga ambao mwanamke huukanyaga mkiani, kichwa kikainuka, kisha kikaanguka. "Chakula kinakanyaga huku chini," alisema, akijigusa tumbo, "na aliyekalia kifua anainuka. Akiinuka hutoka. Asipoinuka, Thakur, ameketi." Sisi vinyozi kwetu huitwa Thakur. Mwalimu wa shule yetu alisema hakuna cha dheki wala nini, neno ni mlio wa koo tu, kila lugha ina wake. Huenda mwalimu alikuwa sahihi. Lakini mwalimu hakuwahi kula chakula cha mfu.

Anuplal alikuwa na sababu ya kuogopa. Baba yake, naye Mahapatra, alikula kwa ajili ya mtu aliyezama mtoni. Akamaliza jani zima la mgomba lililojaa wali na mtindi, na dhekar haikuja. Wenye msiba walikuwa na haraka, wakamtoa hivyo hivyo. Alifika nyumbani ameshika kifua, akasema, "Amekaa." Hakusema jingine. Asubuhi walimkuta amekufa, macho wazi, na nguo za yule aliyezama bado mwilini. Anuplal alikuwa kijana asiye na ndevu. Msiba uliofuata walimwita yeye.

Tangu hapo, kila alipotia tonge la kwanza mdomoni aliingiwa na hofu, na hofu haikumwachia hadi dhekar ilipotoka. Nimemwona mara nyingi. Jasho lilimtoka hata wakati wa baridi. Watu waliona ni ulafi, wakanong'onezana, "Tazama anavyohema, hajala tangu jana." Dhekar ikitoka, mabega yake yalishuka, akatazama juu kidogo kama anayemfuata ndege kwa macho. Kisha akakubali kupigwa udongo.

Mwaka ninaousimulia, tangu mvua, koo lake lilianza kukaza. Mkewe, Phuleshwari, alimpikia uji mwepesi, na hata huo aliumeza kwa kufumba macho. Alinikataza nisimwambie mtu. "Mahapatra asiyeweza kula," alisema, "ni kama kinyozi asiye na mikono. Watanitupa." Nami nilinyamaza, maana kwa maili nyingi hakukuwa na Mahapatra mwingine.

Mwezi wa kuvuna mpunga akafa Bilat Yadav, mfuga nyati wa mtaa wa mashariki. Homa ilimchukua upesi, wala hakuugua siku nyingi. Mwanawe Ghuran aliuchoma mwili wake kwa moto kama inavyopaswa, lakini nyumba haikutulia. Nyati jike mwenye maziwa mengi alianza kumpiga teke kila aliyemkaribia. Mtoto wa Ghuran, wa kike, ambaye hata kutembea hajajua, alishikwa na homa, akawa anakodolea macho kona moja ya chumba na kulia. Na juu ya paa la nyasi walisikia kitu kikitembea polepole, kama mtu anayetafuta mahali pa kushukia.

Nilipokwenda kumnyoa Ghuran siku ya kumi, kichwa chake kilitetemeka chini ya wembe.

"Thakur," alisema, "kesho Mahapatra asipomshibisha baba, atamchukua mtoto. Najua. Alikuwa akimpenda mno."

"Atamshibisha," nilisema. Moyoni nilikuwa naliona lile koo.

Kesho yake nilimleta Anuplal wakati jua limepanda. Walimvisha dhoti ya Bilat, ile nguo ya kujifunga kiunoni, shali yake ya sufu na viatu vyake, wakamweka juu ya kitanda chake cha kamba katikati ya ua. Kwa mbali, mgongo ulivyoinama, ungedhani ni Bilat mwenyewe; hata mimi nilishtuka. Jagrup, mdogo wake marehemu, mtu wa domo kubwa aliyezoea kukemea nyati na watu kwa sauti ileile, alirudi nyuma akamkanyaga mtu mguu. Tetri, mjane, alikuwa ndani mlangoni, shela limefunika uso. Ndugu walijaa pembeni kwenye mikeka. Hakuna aliyeruhusiwa kuonja kitu kabla ya dhekar.

Jani la mgomba liliwekwa. Wali wa mpunga mpya, mtindi mzito wa nyati, sukari guru, na samaki aliyepikwa kwa haradali, maana Bilat alipenda samaki.

Anuplal alianza. Alitafuna kila tonge hadi likawa maji, kisha akalimeza huku vidole vya miguu vikijikunja ndani ya viatu vya marehemu. Nilikuwa nimechuchumaa karibu, kama desturi, kumshikia maji. Niliona machozi yakimtoka pembeni mwa macho. Watu wakadhani ni roho ya Bilat inayowalilia.

"Baba, kula," Ghuran alisema, viganja ameviunganisha. "Kula, baba. Tumekukosea nini?"

Anuplal alifika nusu ya jani, akasimama. Alijaribu tonge jingine, likarudi. Alilitema kiganjani kwa siri, akalifinyanga ndani ya wali uliobaki, akausukuma wali wote upande mmoja wa jani. Akaketi, mikono juu ya magoti, akingoja.

Dhekar haikuja.

Tulingoja. Kivuli cha zizi kilifika kitandani, kikampanda miguuni. Mtoto alianza kulia ndani, kilio chembamba kisichokatika. Nyati akajibu zizini. Kila mtu uani alikuwa anaangalia koo la Anuplal, na kikoromeo chake kilipanda na kushuka, na kila kilipopanda watu waliinua videvu pamoja nacho.

"Thakur," Jagrup aliniita, kwa sauti ya chini ambayo kwake ni sauti ya mtu mwingine. "Muulize anangoja nini. Tumpigie ngoma?"

Nilimsogelea Anuplal sikioni. "Maharaj," nilisema, maana ndivyo tunavyowaita Brahmini, "meza hewa uitoe. Nani atajua?"

Aligeuza macho tu. Yalikuwa mekundu. "Mimi nitajua," alisema. "Nikipiga ya uongo, hawa watafunga mlango. Nami nitabaki naye ndani. Nimeshamsikia, Thakur. Ni mzito. Ameketi hapa." Akaweka kiganja kifuani, mahali palepale baba yake alipokuwa ameshika.

Jagrup alisimama. "Mnaona jani? Kabakiza! Marehemu amekataa chakula! Mahapatra huyu ana uchafu, au ana koo bovu. Nilisema tangu jana tutafute mwingine."

"Wapi, baba mdogo?" Ghuran aliuliza. "Mwingine yuko ng'ambo ya mto."

"Basi na huyu asitoke! Akitoka bila dhekar, Bilat anabaki humu ndani na sisi. Wewe una mtoto mgonjwa, si mimi. Funga lango!"

Mtu alifunga lango. Ghuran alichukua fimbo ya kuswagia nyati iliyokuwa imeegemea ukutani. Sidhani alijua anataka kuifanyia nini. Alisimama mbele ya mtu aliyevaa nguo za baba yake, ameshika fimbo, na mdomo wake ulikuwa unatetemeka kama wa mtoto.

"Maharaj, nakuomba," alisema. "Mwachie aende. Kula jani lote. Nakuangukia miguuni. Lakini hutatoka humu hadi aende."

"Siwezi, mwanangu," Anuplal alisema.

Sijui kama alilisema neno "mwanangu" kwa mazoea, au vipi. Ghuran alipolisikia alipiga ukelele, fimbo ikapanda. Mimi nilifumba macho.

Nilichosikia si pigo. Nilisikia bangili za kioo zikivunjwa. Tetri alikuwa ametoka nje. Mjane hatoki mbele ya Mahapatra kabla mambo hayajaisha, na bangili zake, ambazo mjane huzivunja mumewe akifa lakini yeye alikuwa bado nazo, alikuwa amezipigiza kwenye nguzo ya mlango ili watu wamgeukie.

"Shemeji, rudi ndani!" Jagrup alisema. "Unatafuta nini huku? Macho ya Mahapatra yakikuangukia je?"

"Yaliniangukia njiani tangu nikiwa msichana, nimekufa?" Tetri alijibu. "Keti chini, Jagrup. Unapayuka kama muuza samaki wa jana."

Alikuja hadi kitandani. Hakumtazama Anuplal usoni. Aliinama akatazama jani, ule wali uliosukumwa upande mmoja, na mkono wake ukaenda mdomoni.

"Ghuran," alisema. "Nani alimfundisha Mahapatra kubakiza hivi?"

"Hakuna, mama. Ameshindwa kula."

"Nauliza nani alimwambia asukume upande huu, upande wa kushoto, samaki juu yake." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Baba yako alikuwa anakaa hapo, wewe unakaa huku, kushotoni kwake. Kila siku alikula nusu. Anasukuma, anasema, 'Nimeshiba mimi, mpe huyu.' Mwaka wa mafuriko alisukuma zaidi ya nusu. Mimi niliyempikia tangu nilipoolewa, sijawahi kusikia dhekar yake. Hata siku moja! Wanawake wenzangu walinicheka kwa hilo, wakasema mumeo hashibi kwako. Leo ninyi mnataka aipige kwa koo la mtu mwingine?"

Mpaka hapo tulikuwa tumeogopa kwamba Bilat hakuja kula. Sasa kila mmoja aliangalia kile kitanda na kuelewa kwamba, kama mama huyu anasema kweli, amekuja, amekula, na ameketi pale kama alivyokuwa akiketi. Jagrup alianza kutaja jina la Mungu chini chini. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe akamficha ndani ya sari.

Fimbo ya Ghuran ilikuwa chini. "Mama," alisema, "ina maana alikufa na njaa?"

Tetri alivuta shela mbele, kisha akasema kwa mtu wa kitandani, si kwa mwanawe, na jina la mumewe hakulitaja, kama ambavyo hakulitaja maisha yake yote.

"Baba Ghuran, umebakiza tena. Haya, tumeona. Mwanao amekua, anakula mwenyewe. Usimbakizie mtu tena humu ndani. Nenda sasa."

Akageuka akaingia ndani, akamchukua mjukuu wake kutoka kwa mkwewe. Tulimsikia akimpigapiga mgongoni. Kilio kiliendelea kwa muda, kisha kikapungua, kikawa kwikwi. Siwezi kusema ni kwa sababu gani. Watoto huchoka.

Ghuran mwenyewe alifungua lango.

Walimrushia Anuplal udongo, lakini vibaya. Mabonge mengi yalianguka njiani kabla ya kumfikia, maana walirusha huku wakirudi nyuma. Nilimwahi kwenye ukingo wa mashamba. Alitembea polepole, mkono bado kifuani, viatu vya Bilat vikimpwaya.

"Thakur," alisema, "yule mama anamjua mumewe?"

"Anamjua, Maharaj. Umemsikia."

"Ndiyo. Anamjua mumewe." Alisimama, akatazama mashina ya mpunga uliovunwa. "Lakini kama huyu mtu hapigi dhekar, ni kipi kitakachonijulisha kwamba ametoka?"

Nilimsindikiza hadi mpakani, kisha, jambo ambalo si desturi, nikamsindikiza hadi mlangoni kwake. Phuleshwari alipoona uso wake hakuuliza. Alileta maji, akamvua shali ya marehemu, akaanza kumsugua mgongo kwa mafuta ya haradali. Nilipokuwa nikiondoka nilimsikia akimwambia, "Piga basi. Jaribu, piga." Na yeye, "Haipo."

Asubuhi nilitoka nyumbani na mkoba wa nyembe kana kwamba naenda kunyoa watu. Nilipokaribia kwake nilitega sikio. Hakuna kikohozi kilichosikika. Kila siku ningekuwa nimeshamsikia. Mlango ulikuwa umerudishwa. Nilisimama penye mianzi, mahali wanaposimama waleta habari za misiba, na nikaona aibu kusimama pale, lakini kwenda mbele sikuweza.

"Maharaj!" niliita.

Kisha mlango ukafunguliwa, naye akatoka, ameinama, amevaa nguo zake mwenyewe. Macho yalikuwa yamevimba. Hakuwa amelala, wala Phuleshwari hakuwa amelala. Lakini alikuwa hai, na kikoromeo kilikuwa kinapanda na kushuka.

"Ilikuja?" niliuliza.

"Haikuja."

"Basi umepona! Haikuja na umepona, Maharaj. Maana yake..."

"Usiseme maana yake." Aliketi kizingitini. "Baba yangu haikuja, akafa. Mimi haikuja, niko hapa. Usiku kucha nilikuwa nafikiri jambo hilo, na ni baya kuliko la kwanza. Zamani nilikuwa naogopa kuanzia tonge la kwanza hadi dhekar, basi. Hapo hofu ilikwisha, nikaenda kulala. Sasa itaisha saa ngapi? Na wale wote walionitoka kwa dhekar, nilijuaje kuwa wametoka?"

Phuleshwari alikuwa amesimama nyuma yake ndani, na chombo cha uji mkononi. Alimwekea kando. Anuplal hakukigusa.

"Usimwambie mtu," alisema. "Watu wa nyumba hizi zote walilala usingizi kwa sababu ya dhekar yangu. Wakisikia kwamba marehemu anaweza kuondoka bila hiyo, watauliza kama anaweza pia kubaki hata ikitoka. Hawatalala tena."

Nilimwahidi. Maadamu wote wawili, yeye na Phuleshwari, wamekwishatangulia, naandika.

Siku chache baadaye mtu alisimama penye mianzi, akaita "Mahapatra!" bila kuangalia. Mzee mmoja alikuwa amekufa upande wa kituo cha treni. Nilikuwepo. Nilidhani Anuplal angesingizia ugonjwa, na ugonjwa alikuwa nao kweli. Alinawa uso, akakohoa, akatoka.

Njia kati ya mashamba ya mpunga ni nyembamba, mtu mmoja huijaza. Nilikuwa nyuma yake. Niliona alitembea pembeni kabisa, mguu mmoja ukiteleza kwenye tope la shamba, akiacha upande mmoja wa njia wazi, kama mtu anayetembea na mwenzake.